Fedha za Kujikwamua: Nani Anastahiki?

Kila yanapotokea maafa, na Serikali ikatoa fedha za kuwainua waliodhurika, maswali huwa mawili. La kwanza ni kiasi gani kimetolewa. La pili ni nani atakayepewa. Swali la kwanza hujibiwa jukwaani, mbele ya kadamnasi, na wananchi hupiga makofi. Swali la pili hujibiwa ofisini, nyuma ya meza, kwa karatasi yenye safu ya masharti, na aghalabu hapana anayepiga makofi wala anayeuliza. Lakini ni swali hilo la pili ndilo linaloamua kama fedha zimefika zilikokusudiwa, au zimepita juu ya vichwa vya wanyonge kama wingu la mvua linalokwenda kumwagika baharini.

Leo twapenda kulizungumza swali hilo la pili kwa upande wa wafanyabiashara wadogo wa Unguja, na hasa wale ambao biashara zao hazikuwapo kabla ya maradhi ya UVIKO-19, bali zilizaliwa na maradhi hayo. Msimamo wetu tunautaja tangu mwanzo ili msomaji asipate taabu ya kuutafuta. Biashara iliyoanzishwa wakati wa maafa ina haki sawa na ile iliyokuwapo kabla yake. Na sharti lolote linalomtaka mwananchi athibitishe biashara ya jana ili asaidiwe leo, ni sharti linalomfukuza mlangoni yule yule aliyekusudiwa kukaribishwa.

Yupo atakayesema kwamba maradhi yamekwisha kupita na watalii wamerudi, basi ya nini kufukua makaburi? Tunamjibu kwamba fedha za kuwezesha wananchi hazitolewi mara moja zikaisha. Mikopo hurejeshwa na kukopeshwa tena, bajeti hupangwa kila mwaka, na masharti yaliyoandikwa kwa haraka wakati wa dhiki hubaki yakitumika wakati wa raha. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuyatazama sasa, vichwa vikiwa vimetulia.

MJI ULIPOKAA KIMYA

Itakumbukwa kwamba Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020, na siku chache baadaye Zanzibar nayo ikatangaza wake. Ndege za watalii zikasita kutua. Mwaka 2019 visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 idadi hiyo ikashuka hadi kiasi cha 260,000, yaani chini ya nusu. Uchumi uliokuwa umekua kwa asilimia 7 mwaka 2019 ulikua kwa asilimia 1.3 tu mwaka uliofuata. Kwa nchi ambayo utalii unakadiriwa kuchangia zaidi ya robo ya pato lake, hilo lilikuwa pigo zito.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asipokuja, mwenyeji huugua, na ugonjwa wake hauishii katika hoteli. Hoteli ya Nungwi au Paje inapofunga milango, mvuvi hukosa wa kumuuzia pweza na nguru. Mkulima wa viungo wa Kizimbani hukosa wa kumtembeza shambani. Nahodha wa boti ya kwenda Changuu hufunga nanga. Mama anayefua mashuka ya wageni hurudi nyumbani mikono mitupu. Katika Mji Mkongwe, vichochoro vya Gizenga, Hurumzi na Kiponda vilivyozoea kelele za kila lugha vilikaa kimya. Pale Forodhani, meza za wauza mishikaki na urojo zilikosa wateja waliokuwa wakizizunguka kila jioni.

Watu hawakukaa kuomboleza. Mzanzibari hazaliwi na ujuzi wa kukaa bure. Aliyekuwa mpishi wa hoteli alianza kupika nyumbani na kupeleka chakula maofisini. Aliyekuwa mhudumu wa mezani aliuza samaki kutoka Malindi, akipita nazo nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Aliyekuwa akishona mapazia ya hoteli alishona barakoa. Wengine walifuga kuku, wengine walilima mchicha na bamia, wengine walitengeneza sabuni ya maji, na wenye pikipiki wakageuka wachukuzi wa mizigo ya watu. Na watalii kutoka Urusi na nchi nyingine za Ulaya ya Mashariki walipoanza kumiminika mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa mwaka 2021, vijana wa pwani ya kaskazini walijifunza maneno ya Kirusi kwa wiki chache na kufungua biashara ndogo za kuwahudumia wageni hao.

Hizo ndizo biashara tunazozizungumza. Hazikuanza kwa andiko la mradi wala kwa ushauri wa mtaalamu. Zilianza kwa sababu jiko lilikuwa baridi na watoto wanataka kula. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za wanawake, na nyingi hazikuwa na jina, kibao wala mhuri.

FEDHA ZILIPOKUJA

Tarehe 7 Septemba 2021, Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola za Kimarekani milioni 567.25 kwa Tanzania ili kukabiliana na athari za maradhi hayo. Mwezi Oktoba mwaka huo, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan, binti wa Kizimkazi, alizindua mjini Dodoma mpango wa matumizi ya fedha hizo, ambazo kwa hesabu ya shilingi zilifikia trilioni 1.3. Zanzibar ilipata mgao wa takriban shilingi bilioni 230. Huku Visiwani, chini ya uongozi wa Mheshimiwa Rais Hussein Ali Mwinyi, fedha hizo zilielekezwa katika hospitali, skuli, maji, na pia katika kuwawezesha wananchi kiuchumi. Mamia ya boti zilitengenezwa kwa ajili ya wavuvi na wakulima wa mwani. Serikali ya Mapinduzi, kwa kushirikiana na Benki ya CRDB, ilianzisha pia mikopo yenye masharti nafuu chini ya programu ya Inuka na Uchumi wa Buluu, na Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ukapewa dhamana ya kuwafikia wajasiriamali.

Haya ni mambo makubwa na hatuna haya kuyasifu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na leo kinategemewa na watu zaidi ya ishirini elfu, wengi wao wakiwa wanawake. Kwa miaka mingi wanawake hao walisimama ndani ya maji ya kupwa mpaka kiunoni, wakibeba magunia yaliyolowa kichwani. Kumpa mama huyo boti ili aufikie mwani unaostawi katika maji ya kina kirefu ni kumpunguzia mateso na kumwongezea pato kwa wakati mmoja.

Lakini sifa hazimzuii mtu kukumbuka hesabu. Fedha zile hazikuwa zawadi. Sehemu yake ni mkopo usio na riba wa kulipwa kwa muda wa miaka 10, na sehemu kubwa zaidi ni mkopo wa kulipwa ndani ya miaka 5. Wahenga walituonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Deni hili linalipwa na sisi sote: mwenye hoteli na mfua mashuka, mwenye leseni na asiyekuwa nayo, kwa kodi iliyomo katika kila kilo ya sukari tunayonunua. Madhali deni ni la wote, haifai faida yake iwe ya wenye karatasi peke yao.

MLANGO WA KARATASI

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kikwajuni. Tuseme alikuwa akifanya kazi ya usafi katika nyumba ya wageni, akaachishwa mwezi Aprili 2020, na mwezi uliofuata akaanza kupika vitumbua, mikate ya kumimina na maharage ya nazi. Miaka miwili baadaye anao wateja wa kudumu, ameajiri mpwawe, na anataka jiko kubwa la gesi na friji. Akisikia kuna fedha za kujikwamua, anakwenda kuuliza.

Masharti yaliyozoeleka katika mabenki na mifuko ya kukopesha tunayajua. Ataulizwa leseni ya biashara, cheti cha usajili, namba ya mlipa kodi, taarifa ya benki ya miezi iliyopita, hesabu za mapato na matumizi, mdhamini mwenye mshahara au mali isiyohamishika. Pengine ataambiwa ajiunge na kikundi chenye katiba, viongozi na akaunti. Mama huyu anacho kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, anayo sufuria nyeusi na daftari lililoandikwa kwa kalamu ya risasi, na anao majirani wanaojua kwamba hajapata kukosa kufungua asubuhi. Katika fomu hiyo hapana pa kuandika hata kimoja cha hivyo isipokuwa kitambulisho.

Linganisha na jirani yake mwenye duka lililosajiliwa tangu mwaka 2015. Huyu karatasi zake zote zimekamilika. Inawezekana kabisa kwamba duka lake halikupata hasara kubwa, kwa sababu unga na mafuta vilinunuliwa hata wakati wa maradhi. Mbele ya fomu, huyu ni mwathirika anayestahiki, na yule aliyepoteza kazi akajijengea nyingine kwa mikono yake si kitu. Je, hiyo ni haki? Hatusemi mwenye duka asipewe. Tunasema fomu inayoshindwa kuwaona wote wawili ina makengeza.

Hatuwatuhumu maofisa. Twaelewa hofu yao, nayo ni hofu ya haki. Fedha ya umma ni amana. Afisa anayempa mtu asiye na kumbukumbu yoyote anajiuliza: huyu kesho nitampata wapi? Na wako wajanja ambao huanzisha biashara siku fedha zinapotangazwa na kuifunga siku fedha zinapotoka. Wako wanaounda vikundi vya majina matupu, watu watano wa nyumba moja, ili kuchota mara tano. Masharti yaliwekwa ili kuwazuia hao. Lakini uzoefu watufundisha kwamba mjanja hashindwi na karatasi. Karatasi ndiyo kazi yake. Anayeshindwa na karatasi ni mwaminifu asiyejua kuandika andiko.

Hata sharti la kikundi, ambalo asili yake ni njema, linahitaji kutazamwa. Tanzania Bara, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwezi Aprili 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa ili kurekebisha utaratibu wake, baada ya kudhihirika kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa na kwamba vikundi vingine vilikuwa hewa, kisha ikarudishwa kwa kanuni mpya mwaka 2024. Kumbe basi kikundi chenye katiba na mhuri si dhamana ya uaminifu. Kikundi cha kweli ni kile kilichokuwapo kabla ya fedha: watu wanaocheza mchezo wa kupeana kila mwezi, wanaozikana na kuozana. Kilichoundwa kwa ajili ya fomu huvunjika siku ya kugawana.

WENGINE WALIVYOJIKWAA

Msomaji asidhani kwamba tatizo hili ni letu peke yetu, au kwamba mataifa makubwa yalilijua mapema. Nchini Marekani, mpango mkubwa wa kulinda ajira katika biashara ndogo ulitaka biashara iwe ilikuwapo ikifanya kazi tarehe 15 Februari 2020. Aliyefungua siku chache baada ya hapo, akiwa ametia akiba yake yote, hakuhesabiwa. Nchini Uingereza, msaada kwa waliojiajiri ulitolewa mara tatu za mwanzo kwa kufuata hesabu za kodi za mwaka uliomalizika Aprili 2019. Aliyeanza kazi yake baada ya hapo alibaki akitazama wenzake wakipokea, mpaka mwaka 2021 mlango ulipofunguliwa kwa walioanza katika mwaka uliofuata.

Jimbo la New York lina mfano ulio wazi zaidi. Kwanza lilianzisha ruzuku ya kujikwamua kwa biashara ndogo, lakini kwa zile zilizokuwapo kabla ya maradhi kwa muda wa kutosha. Baadaye likaona kwamba limewaacha nje wachanga, na mwaka 2022 likatenga dola milioni 200 mahsusi kwa biashara changa ambazo misaada ya awali haikuzifikia. Lilikubali kwamba mstari wa tarehe uliochorwa mwanzo uliwakata watu wasio na kosa.

Jirani zetu wa Kenya nao, tarehe 30 Novemba 2022, walizindua mfuko wa kuwakopesha wananchi wadogo kwa njia ya simu, kuanzia shilingi 500 za Kenya, bila kudai hati ya nyumba wala mdhamini. Anayelipa huongezewa kiwango. Asiyelipa hukwama pale pale. Mfuko huo umekuwa na matatizo yake, na wako wengi waliochukua wasirudishe. Lakini wazo lililomo ndani yake ni la kufikiriwa: kumpima mtu kwa anavyolipa kidogo alichopewa, badala ya kumpima kwa karatasi za zamani.

TULIKOTOKA

Sisi Wazanzibari hatuna sababu ya kwenda mbali kutafuta hekima hii. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika, na baada ya hapo ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hilo mpaka leo. Funzo lake ni kwamba uchumi baada ya maafa haurudi mahali pake pa zamani. Husimama mahali papya, mikononi mwa watu wapya. Anayetaka kuusaidia uchumi uinuke lazima awatafute waliopo sasa.

Tukumbuke pia kwamba swali la nani akopesheke halikuanza leo, na kwamba mtawala wa kigeni alikuwa na jibu lake. Katika Tanganyika, sheria ya mwaka 1931, iliyofuata ile ya mwaka 1923, iliweka kwamba deni ambalo Mwafrika alikopeshwa na asiye Mwafrika lisidaiwe mahakamani ila liwe limeidhinishwa na Serikali. Walisema ni kumlinda. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika hakukopesheka. Huku kwetu, mwaka 1934 zilitungwa sheria za kuwanusuru wenye mashamba ya mikarafuu waliozama katika madeni. Mwenye shamba alikopesheka hata akazama, kisha akatungiwa sheria ya kumwopoa. Mkwezi na mchumaji, asiyekuwa na cha kuweka rehani, hakuwamo katika hesabu.

Ndipo yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Serikali ilipowagawia wananchi ardhi, eka tatu tatu, maelfu ya familia zilipata mashamba. Hakuulizwa mtu hati ya zamani ya Sultani. Hakuambiwa mkwezi kwamba kwa kuwa hakuwa na shamba kabla ya Mapinduzi basi hastahiki kuwa nalo baada ya Mapinduzi. Lau kigezo kingekuwa kumbukumbu za nyuma, ardhi ingerudi kwa wale wale waliokuwa nayo. Sisi tuliolelewa na historia hiyo hatuwezi kukubali kwa wepesi kwamba asiyekuwa na kitu jana asipewe kitu leo.

Na kwa upande wa dini, ambayo wengi wetu tuliifundishwa chuoni kabla ya kuingia skuli, somo ni lile lile. Bi Khadija, mfanyabiashara tajiri wa Makka, alimkabidhi bidhaa zake Mtume Muhammad (S.A.W.) apeleke Sham, wakati huo akiwa kijana ambaye hakuwa na mali ya kuweka dhamana. Alimkabidhi kwa sababu Makka nzima ilimjua kwa uaminifu. Ushuhuda wa watu ndio uliokuwa cheti chake. Lakini dini hiyo hiyo haikudharau karatasi: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kwa hiyo tumefundishwa yote mawili. Mpe mtu kwa uaminifu wake, kisha muandikiane. Kosa letu la siku hizi ni kuanza na karatasi na kuusahau uaminifu. Na madhali wananchi wetu wengi huikimbia riba kwa imani yao, mkopo wenye riba nao ni sharti la kuwafungia nje, japo haukuandikwa katika orodha ya masharti.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwanza, tarehe ya kuanza biashara isiwe kisu cha kumkatia mtu. Kigezo kiwe biashara ipo leo na imekuwapo kwa muda wa kuaminika, tuseme miezi sita, kabla ya fedha kutangazwa. Muda huo unatosha kumtenga mjanja wa siku moja, na haumtupi aliyeanza wakati wa dhiki.

Pili, ushahidi wa biashara upanuliwe. Mama muuza vitumbua hana taarifa ya benki, lakini simu yake inazo kumbukumbu za fedha alizopokea na kulipa. Muuza unga wa jumla anajua anachukua mifuko mingapi kwa wiki na kama hulipa kwa wakati. Sheha anajua anapoishi. Daftari la kalamu ya risasi, likitazamwa na mtu makini, husema kweli kuliko hesabu zilizoandikwa na karani wa kukodi. Ushahidi wa watu watatu wa namna hiyo, ulioandikwa na kutiwa saini, uhesabiwe sawa na cheti. Na anayetoa ushahidi wa uongo awajibike.

Tatu, msaada uende kwa ngazi. Mchanga apewe kwanza ruzuku ndogo, au karadha isiyo na riba, ya kununulia kifaa kinachoonekana: jiko, cherehani, tangi la maji. Akionyesha kwamba kifaa kinafanya kazi, apande ngazi ya mkopo. Akilipa, apande tena. Na hapo katikati asaidiwe kusajili biashara yake na kupata leseni, ili usajili uwe tunda la msaada badala ya kuwa ukuta wa kuuzuia. Leo tunamwambia mtu asiye na viatu kwamba atapewa viatu akija amevaa viatu.

Nne, majina ya waliopewa yabandikwe katika ofisi ya shehia, pamoja na kiasi walichopewa. Mtaa unawajua watu wake. Biashara hewa haiwezi kuishi siku mbili mbele ya macho ya majirani. Na aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na apewe mahali pa kukata rufaa. Mtu akijua kwa nini amekosa, atajirekebisha. Asipojua, atasema ni kujuana tu, na mara nyingine atakuwa amesema kweli.

Tano, na hili twalisema sisi wenyewe tulio ndani ya Chama: kadi ya Chama isiwe kigezo, wala ukaribu na kiongozi usiwe njia ya mkato. Chama chetu kilizaliwa ili kuwatumikia wakwezi na wakulima, wavuvi na wafanyakazi, na njaa haiulizi mtu itikadi. Kiongozi anayempenyeza shemeji yake katika orodha anamwibia mnyonge mara mbili: anamwibia fedha, na anamwibia imani yake kwa Serikali. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

WAJIBU WA ANAYEPOKEA

Haki haina mguu mmoja. Kama tunamtaka afisa amwamini mwananchi asiye na karatasi, basi mwananchi huyo hana budi kuistahiki imani hiyo. Anayechukua fedha ya jiko akaitia katika harusi ameziba njia ya mwenzake anayengoja. Wako wanaosema kwamba fedha ya Serikali ni fedha ya wote, basi hailipwi. Hayo ni maneno ya kupe. Kwa kuwa ni ya wote, ndiyo kwanza ilipwe, ili imfikie na mwengine. Dawa ya deni ni kulipa, na kila anayelipa kwa wakati huwa ametoa ushahidi kwa ajili ya maelfu walio kama yeye kwamba mtu mdogo ni mwaminifu.

Maafa hayajatuaga. Kabla ya UVIKO-19, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008 kwa kukatika umeme unaotoka Bara, na tena kwa kiasi cha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mara zote hizo wako waliofunga biashara na wako waliofungua. Litakapokuja jengine, lolote liwalo, haifai tuanze tena kuulizana nani yupo na nani hayupo. Kila shehia iweke sasa daftari la wanaojitafutia riziki ndani ya mipaka yake, wakubwa na wadogo, wenye leseni na wasio nayo, si kwa ajili ya kuwatoza, bali kwa ajili ya kuwajua. Daftari hilo gharama yake ni ndogo kuliko boti moja. Masheha, madiwani na wawakilishi wanaweza kulianza bila kungoja fedha kutoka ng'ambo, nasi tunawataka walianze.